CHAMBO SI WIZI
(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama huko Waa, juu ya mchezo wa bao)



Tumeombwa tuseme juu ya ugomvi wa bao. Wanachama wawili wa hapa Waa, ambao kila alfajiri huvuka kivuko cha Likoni pamoja, hawasalimiani tangu mmoja alipomwita mwenziwe mwongo mbele ya watu. Tumekaa nao, tukawaomba waturudishie mchezo ule kete kwa kete.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo ukifika mtaji, mikono mitupu, kete zote zi wazi ubaoni. Basi hila yatoka wapi? Yatoka katika sheria moja: mwenye kuweza kula hana budi ale. Katika sataranji ukitolewa askari wa chambo, waweza kumwacha. Katika bao huwezi. Ndipo fundi hukuachia njia moja tu ya kula, tena ya kete mbili tatu. Wewe wafurahi, wabeba kete za shimo ulilokuwa ukilitunza, wazitembeza, wala. Kumbe umejijaza mahali alipotaka yeye. Naye akianza kula, hali mara moja, azunguka.

Ndivyo alivyofanywa ndugu yetu. Alikuwa na kete tele safu ya nyuma, ambako haziliwi, akajiona tajiri. Safu ya mbele ikabaki tupu, akafungwa na mali yake mgongoni. Twakiri kwamba tulicheka.

Mwenziwe hakuficha komwe kiganjani, wala hakuongeza moja kwa siri katika kutembeza haraka haraka. Huo ndio wizi, nasi tumeuona ukifanywa na wazee wenye mvi.

Lakini liko jambo. Alipoweka chambo alijishika kichwa, akalia, "Nimekwisha!" Hapo sisi wenyewe tulibishana hata taa ikaisha mafuta. Wengine walisema huo ni uongo wa ulimi, haufai baina ya ndugu. Mwisho tulikubaliana kwamba kinywa si kete. Anayesikiliza kilio cha mpinzani asiutazame ubao, amejitakia.

Aliyesema "mwongo" amelifuta neno lake. Jumamosi baada ya kazi watacheza tena chini ya mwembe, na kabla ya kuanza kete zitahesabiwa mbele ya watu wote, 64.