Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Fedha za Kijiji Katika Kisiwa cha Pemba

 

Maneno yangu leo ni juu ya fedha za kijiji: zatoka wapi, zaombwa kwa njia gani, na zikisha kufika zalindwaje. Wazee wetu walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaijua sote na twaisema barazani, lakini kuisema ni kazi moja na kuitenda ni kazi nyingine. Nataka kuonyesha kwamba kijiji chenye daftari hujiombea msaada kwa heshima, na kijiji kisicho nalo, hata kikipewa fedha nyingi, mara nyingi hubakiwa na deni na ugomvi.

Kwanza tutazame mambo ya zamani, kwa kuwa njia ya deni katika kisiwa chetu si ngeni. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo itoayo karafuu nyingi kuliko Unguja. Neema hiyo, hata hivyo, ina taabu yake. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi hulemewa, na mwaka ufuatao mwenye shamba hupata kidogo tu. Naye hula kila siku. Tena kabla hajauza kitu yampasa kuwalipa wachumaji kwa pishi, na kununua majamvi ya kuanikia, na kulipa wachukuzi.

Basi wengi walikopa, wakaweka mashamba yao rehani, au wakauza karafuu zingali mtini kwa bei ndogo. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na katika kazi zake ilikuwamo kuwasaidia wakulima kwa mikopo. Bei za dunia ziliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1930, madeni yakawa mazito, hata mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ikatoa sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai, na kusimamisha kwa muda madai ya madeni hayo. Sheria iliweza kumsimamisha mdai mlangoni, lakini haikuweza kujaza kibaba jikoni.

Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Mkopeshaji alitaka faida yake, na mkulima alitaka chakula cha watoto wake. Nasema ili mwanafunzi aione asili ya shida. Mkulima hakuwa na akiba ya miezi ya kungojea, na hesabu ya deni ilikuwa katika daftari la mtu mwingine. Mwenye kuandika ndiye aliyejua. Asiyeandika alitikisa kichwa tu.

Wala msidhani kwamba hayo yalikwisha pamoja na babu zetu. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya muda mfupi kikafika Pemba. Wanawake ndio walioushika zaidi, na mwani ukawapa fedha ambazo ni zao wenyewe. Lakini wengi wao walianza kwa kamba na tai-tai walizopewa na mnunuzi, na mwenye kupewa kamba alifungwa kumwuzia yeye tu, kwa bei aitakayo yeye. Mazao ni mengine, na kifungo ni kile kile. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa yake ni nini? Nitawaeleza njia moja ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona, nayo ni sanduku la akiba la kikundi. Njia hii ilianza mwaka 1991 huko Maradi, katika nchi ya Niger, Afrika ya Magharibi, kwa wanawake wa vijijini waliofundishwa na shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafika Zanzibar, katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani kule Unguja, kisha ikavuka hata Pemba. Waalimu walipomaliza kazi yao na kuondoka, vikundi havikufa. Waliojifunza wakawafundisha jirani zao, na hesabu ya vikundi ikazidi kuongezeka.

Upatu twaujua tangu zamani, na una manufaa yake. Lakini upatu humpa mtu kwa zamu. Zamu yako ikiwa mwezi wa nane, na mtoto akaugua mwezi wa pili, upatu haukusaidii. Sanduku ni jambo jingine. Watu 15 hata 30 wanaojuana hukusanyika kila juma. Kila mmoja hununua hisa, tangu moja hata tano, kwa bei waliyopatana, na hisa zake hupigwa muhuri katika kitabu chake mbele ya wote. Fedha huwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu huchukuliwa na watu watatu mbalimbali, na mwenye kuweka sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Hakuna fedha zinazotoka wala kuingia ila siku ya mkutano, macho ya wote yakitazama.

Mwenye haja hukopa katika sanduku, na kwa desturi hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Pembeni huwekwa mfuko mdogo wa maafa, kwa ajili ya maradhi na msiba. Mwaka ukiisha, hesabu hufungwa na kila mtu hupewa fungu lake kwa kadiri ya hisa zake, kisha huanza upya.

Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu tufanye hesabu. Kikundi kina watu 25. Bei ya hisa ni shilingi 1,000, na kila mmoja hununua hisa 2 kila juma. Juma moja huingia shilingi 50,000. Kwa majuma 50 ni shilingi 2,500,000, nazo hazikutoka kwa mgeni yeyote. Mama wa mwani akikopa humo fedha za kamba zake, kamba ni zake, na mwani ni wake, naye humwuzia amtakaye. Mwenye shamba akikopa humo fedha za wachumaji, hana haja ya kuuza karafuu zingali mtini.

Najua wako watakaouliza habari ya riba, na swali hilo ni la haki. Shaurianeni na wanazuoni wenu kabla ya kuanza, si baada ya kugawana. Kikundi chaweza kukopeshana pasipo nyongeza yoyote, au kufanya biashara kwa shirika na kugawana faida na hasara. Lililo la lazima ni kwamba wote wapatane mapema, na mapatano yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu jambo hili hasa: kuandika deni, na kumweka mwandishi mwadilifu, na kuleta mashahidi. Basi mtu akisema kwamba kumtaka mwenzake aandike ni kumvunjia heshima, mwambieni kwamba kuandika ndiko kunakohifadhi heshima ya wote wawili.

Sasa nitasema juu ya milango iliyo nje ya kijiji. Mlango mmoja ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000 na kufanya kazi Bara na Visiwani pia. Katika miaka yake ya kwanza ulisaidia vijiji kujenga skuli, vituo vya afya, visima na njia, na wananchi walitakiwa kutoa mchango wao wenyewe. Katika awamu ya tatu, iliyoanza mwaka 2012, mfuko huo ulishika kazi ya kunusuru kaya masikini: kuzipa fedha, kuzihimiza kupeleka watoto skuli na kiliniki, na kuwapa ujira wenye nguvu kwa kazi za manufaa ya wote. Katika mpango huo majina ya masikini hutajwa na kupimwa katika mkutano wa wananchi wenyewe. Hapa ndipo daftari na haki vinapokutana. Mkutano ukiachwa kwa watu wachache, mjane aliye nyuma ya kijiji husahauliwa, na jamaa ya mwenye sauti huandikwa. Kwa hiyo msione uvivu kuhudhuria. Asiyekwenda mkutanoni amempa mwingine kalamu ya kuandika jina lake au kuliacha.

Mlango wa pili ni mikopo ya vikundi. Zanzibar iko Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, na ziko benki na vyama vya ushirika vya kuweka na kukopa. Wenye milango hii hupenda kujua kwanza kama kikundi kina katiba, kama kimeandikishwa, na kama kina hesabu za kuonyesha. Kikundi cha sanduku kilichoandika hesabu zake miaka miwili kimekwisha kujibu nusu ya maswali kabla hakijaulizwa.

Mlango wa tatu ni mali tulizo nazo wenyewe. Kumbukeni habari ya Misali, kile kisiwa kilicho magharibi ya Chake Chake, ambako wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago. Katika miaka ya 1990 palikuwa na shauri la kuwapa watu wa hoteli kisiwa hicho. Wavuvi walikataa, nao wakapata wenye kuwasaidia kulisema neno lao, hata mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa mahali pa hifadhi, na wavuvi wakaendelea kuwa na haki yao ya kuvua nje ya sehemu iliyokatazwa. Mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Wageni wajao kutazama matumbawe hulipa ada. Na ada ya namna hii, iwe ya bahari au ya msitu, ni haki ya vijiji kuuliza: imekusanywa kiasi gani, na fungu la kijiji ni lipi? Lakini anayetaka kuuliza hesabu za wengine yampasa kwanza awe tayari kuonyesha zake.

Milango hii haiwi wazi siku zote. Mmoja hufungwa na mwingine hufunguliwa. Kwa hiyo ulizeni kwa sheha na katika ofisi ya wilaya, msingojee habari za njiani. Na mtu akiwaambia kwamba atawapatia msaada mkimpa kwanza fedha za kumfuatilia, mwombeni karatasi yenye muhuri wa ofisi yake, mwende ofisini wenyewe kuuliza.

Mtakapoandika barua ya maombi, ijibu maswali matano kwa maneno machache. Ninyi ni nani, na mko wangapi? Mwataka nini? Bei yake ni kiasi gani, kitu kwa kitu? Ninyi wenyewe mtatoa nini, ikiwa ni fedha, mawe, mchanga au nguvu za mikono? Na la tano, ambalo husahauliwa zaidi kuliko yote: kazi ikiisha, nani ataitunza, na kwa fedha gani?

Hilo la tano nalikaza. Kisima hakifi kwa kukosa maji tu. Mara nyingi hufa kwa kukosa kipuri kidogo cha pampu. Siku ya kufungua, watu hupiga vigelegele na ngoma. Baada ya mwaka pampu hukwama, hakuna mwenye ufunguo, hakuna mwenye shilingi, na kila mmoja humtazama mwenzake. Kina mama hurudi kwenye kile kisima cha zamani cha mbali, ndoo kichwani, na watoto wa kike huchelewa skuli. Kama kila nyumba ingalitoa kidogo kila mwezi, na kidogo hicho kikaandikwa, kipuri kingalinunuliwa siku ile ile.

Mwisho nina neno kwenu vijana wa skuli. Katika nyumba nyingi ninyi ndio wepesi wa kusoma na kuandika. Waandikieni wazee wenu vitabu vya hisa, na kila mwezi wasomeeni hesabu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, bila kuficha wala kuongeza. Mzee asiyejua kusoma anajua vizuri sana alitoa nini. Akisikia hesabu inalingana na kumbukumbu yake, moyo wake hutulia, na juma lijalo huja tena. Imani ya kikundi hujengwa hivyo, juma kwa juma.

Basi kijiji kisicho na sanduku kianze na watu 15, na kijiji chenye sanduku kilitazame daftari lake usiku huu, kabla halijatazamwa na mwingine. Mwenyezi Mungu awape kheri katika karafuu zenu, na mwani wenu, na bahari yenu.