Ruzuku ya Kwanza: Nani Anabaki Kwenye Utafiti?



Nimeomba nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo tumezoea kulinong'ona koridoni: fedha za utafiti, hasa zile za kwanza kabisa ambazo mhadhiri kijana huanza kuzitafuta akishatunukiwa shahada ya uzamivu. Siku ya mahafali tunampigia vigelegele. Wiki inayofuata anapangiwa darasa la mamia ya wanafunzi, rundo la mitihani na ujumbe wa kamati, kisha anakumbushwa kwamba cheo kinapanda kwa machapisho. Machapisho yanataka utafiti, utafiti unataka fedha, na fedha hupewa aliyewahi kupewa.

Kauli hiyo ya mwisho imepimwa. Mwaka 2018 Thijs Bol na wenzake wawili walichapisha uchunguzi kuhusu ruzuku za watafiti chipukizi nchini Uholanzi. Waliwalinganisha waombaji waliopita kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, watu ambao kwa ubora wa maandiko yao ni vigumu kuwatenganisha. Katika miaka minane iliyofuata, waliopita walijipatia fedha za utafiti zaidi ya mara mbili ya wale waliokosa. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na jambo moja linaloniuma sana: waliokosa walipunguza kuomba. Alama chache za wahakiki ziliwakatisha tamaa watu waliokuwa na uwezo ule ule.

Mwaka 2019 Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang walitazama watafiti vijana wa Marekani walioomba fedha za utafiti wa afya kwa taasisi ya taifa ya huko. Kukosa kwa alama chache kuliwatoa baadhi yao moja kwa moja katika mfumo ule. Waliobaki, baada ya miaka, walitoa kazi zilizonukuliwa zaidi kuliko za wenzao waliopita kwa alama chache. Nawasihi, wazee wenzangu, tusiuchukue uchunguzi huu kuwa ruhusa ya kuwaambia vijana kwamba kukataliwa kunakomaza. Hesabu ile ni ya waliobaki. Waliotoka walituachia maswali ambayo huenda hakuna aliyeyauliza tena.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana milango ni michache na funguo zake nyingi ziko mbali. Umoja wa Afrika uliazimia zamani kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013, iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ilitaja asilimia 2, na kinachofika mfukoni ni kidogo mno kikilinganishwa na maandishi hayo. Tanzania tuna tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wake wa MTUSATE, lakini waombaji ni wengi kuliko mfuko unavyoweza kubeba. Sehemu kubwa ya utafiti wetu imekuwa ikilipiwa na walipakodi wa nchi nyingine. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada, na baraza lake la utafiti likajikuta na pengo la pauni milioni 120 katika miradi iliyokwisha kuahidiwa. Mwaka 2023 Sweden ilifuta mwito wa utafiti wa maendeleo uliokuwa tayari umetangazwa. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha ikalivunja shirika la USAID. Kila mara mkataba mkubwa unapokatika, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni msaidizi wa utafiti na mhadhiri kijana.

Milango midogo, hata hivyo, ipo, nami ningependa kila kijana aanzie hapo. Wakfu wa Kimataifa wa Sayansi wa Stockholm, IFS, ulianza mwaka 1972 mahususi kwa ajili ya watafiti wanaochipukia katika nchi zinazoendelea. Baraza la CODESRIA la Dakar limewalea wanasayansi wa jamii tangu mwaka 1973. CARTA, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kuratibiwa kutoka Nairobi na Johannesburg, huwachukua watumishi wa vyuo vya Afrika wakiwa katika uzamivu na kuwashika mkono hata baada ya kuhitimu. Ruzuku ndogo humpa mtu takwimu zake mwenyewe, na takwimu zake mwenyewe ndizo humpa sauti siku mradi mkubwa wa kigeni utakapomwalika akusanye data tu.

Sasa tuliangalie andiko lenyewe la kuomba fedha. Chukueni mfano wa mwani. Kilimo chake cha biashara kilishika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mhadhiri kijana anataka kujua kwa nini cottonii, mwani wenye bei kubwa kuliko spinosum, unakufa kwenye maji ya kina kifupi. Anaanza kuandika: mabadiliko ya tabianchi ni changamoto kubwa duniani na yanaathiri jamii za pwani. Ni kweli, na mhakiki ameshaisoma sentensi hiyo asubuhi hiyo hiyo katika maandiko mengine. Afadhali aanze hivi: wakulima wa Paje na Jambiani wamebaki na spinosum kwa sababu cottonii unaoza kambani maji yakipata joto, nataka kupima joto hilo pale pale kambani, mwaka mzima, pamoja na wenye mashamba.

Kisha mpango wa kazi. Mkulima wa mwani hushuka shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Wakati wa maji mafu shamba halifikiki vizuri. Anayepanga safari zake kwa kufuata bamvua, akaweka nauli ya siku hizo tu, akatenga posho ya msaidizi mkazi wa kijiji badala ya kumchukua mtu mjini, ameonyesha kwa bajeti pekee kwamba kazi anaijua.

Akishapata fedha, balaa jingine linamsubiri, nalo ni letu, si la mfadhili. Mwenye ngalawa hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama aliyewapikia wakusanya takwimu hana pia. Kijana anarudi na madaftari ya karatasi zilizosainiwa, na kitengo cha uhasibu kinakataa kupokea marejesho ya masurufu yake. Awamu ya pili haitoki, ripoti inachelewa, na mfadhili anaandika kwamba chuo hiki hakisimamii fedha vizuri. Utaratibu wa malipo madogo ya uwandani, wenye fomu moja inayokubalika na mkaguzi, unaweza kuandaliwa na mhasibu na mtafiti wakikaa meza moja.

Ninachoiomba Seneti ni mfuko mdogo wa ndani, kwa walio ndani ya miaka mitano tangu uzamivu, unaotosha msimu mmoja wa uwandani. Fedha zake zitoke katika asilimia ya uendeshaji ambayo chuo hukata kwenye miradi mikubwa, ukiwemo wangu. Maandiko dhaifu yaondolewe, yaliyo bora wazi yapewe, na yale ya katikati yapigiwe kura ya bahati nasibu. Najua kura inawashtua wengi wenu. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand limekuwa likiitumia kwa baadhi ya ruzuku tangu mwaka 2013, na mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi uliikubali mwaka 2021 kwa maandiko yasiyotofautishika. Anayekosa kwa kura anajua kwamba hakuna aliyesema hafai, na mwakani ataomba tena.

Idara yetu haitasubiri mfuko huo. Muhula ujao, kila Alhamisi mchana, tutakaa kusomeana maandiko yaliyokataliwa, pamoja na maoni ya wahakiki kama yalivyoandikwa. Maprofesa tutaleta yetu kwanza. Wahadhiri wasaidizi wa idara zote wanakaribishwa, na wahasibu pia.