Kadogo ni mtoto, si askari



Leo tunasema nanyi juu ya majina tunayowapa vijana. Mama akisema "katoto kangu kadogo", kila mtu anasikia upendo. Lakini katika vita vya 1996 na 1997, AFDL ilipotoka Kivu kwenda Kinshasa, iliingiza watoto wengi jeshini, nao wakaitwa kadogo. Neno la nyumbani likawa neno la vita. Mwaka 2012, huko La Haye, Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Katika kesi ile neno kadogo lilisikika mbele ya mahakimu.

Tutazame neno lingine: kuluna. Husemwa kwamba limetoka katika Kireno, coluna, yaani safu ya askari. Mjini Kinshasa likawa jina la vijana wanaotisha na kuibia watu kwa mapanga. Novemba 2013 polisi walianza kuwasaka, katika operesheni iliyoitwa Likofi, yaani ngumi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu vijana na wanaume wasiopungua 51 waliouawa. Baadhi yao walikuwa watoto wa mitaani, na wengine walisingiziwa na majirani waliogombana nao kwa mambo mengine. Tunaona basi: jina peke yake laweza kumpeleka mtu kaburini.

Ndugu zetu, katika kambi na katika familia zinazotupokea, wako watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza jeshini mtoto asiyetimiza miaka 18. Kwa hiyo mtoto huyo alitendewa kosa. Tukiendelea kumwita kwa jina la vita, tunamrudisha kule alikotoka.

Tunaomba mambo matatu. Wazazi, mwiteni kwa jina mlilompa alipozaliwa. Viongozi, kijana akishitakiwa, ulizeni amefanya nini, msiulize anaitwaje. Vijana, maneno mengi mnayabuni ninyi. Buni yale ambayo mdogo wako akiitwa hataogopa.

Kadogo arudi kuwa mtoto wa mama yake.