Kuwalisha Wanyama: Mkono Upi, Chakula Gani?
(Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa Migosi, Kisumu)



Wahenga walinena ya kwamba mkono mtupu haulambwi. Huko Lang'ata, mjini Nairobi, methali hiyo huonekana kwa macho. Pana kituo cha twiga, na ndani yake limejengwa jukwaa linalolingana na kimo cha kichwa cha mnyama huyo. Mgeni hupanda, hupewa chakula kidogo kiganjani, na twiga huja akaunyosha ulimi wake mweusi, wenye urefu wa sentimita 45 au zaidi, akakizoa chote. Watoto wengine hucheka, wengine hulia kwa hofu. Lakini si rahisi kwa yeyote kuisahau siku ile.

Basi si ajabu mtoto wa Migosi aliyesikia habari hizo atake kufanya vivyo hivyo kwao. Akiambiwa kuwa Jumapili atapelekwa kuwatazama wanyama katika Hifadhi ya Impala, upande wa Dunga, hutia mfukoni kipande cha mkate na ndizi mbili. Nia yake ni njema kabisa. Hata hivyo mkate ule usifike kwa mnyama, na yafaa mzazi ajue sababu ili aweze kumweleza mwanawe badala ya kumkemea tu.

Kwanza itazamwe kazi ya Lang'ata. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1979 na Jock Leslie-Melville na mkewe Betty, kwa kuwa twiga wa aina ya Rothschild walikuwa karibu kutoweka nchini Kenya. Waliosalia walikuwa wakiishi katika shamba kubwa huko Soy, na shamba lile lilikuwa katika kugawanywa kwa wakulima. Mwaka 1974 mume na mke hao walimchukua ndama mmoja, wakamwita Daisy, wakamlea nyumbani kwao. Mwaka 1983 kituo kilifunguliwa kwa watu wote, na watoto wengi wa shule wamejifunza pale. Leo twiga wa aina hiyo wanaonekana hata katika mbuga ya Ruma, katika Kaunti ya Homa Bay, si mbali na ziwa hili.

Jambo la kuangaliwa ni hili: mgeni wa Lang'ata haendi na chakula chake. Hupewa vidonge vilivyochaguliwa na watunzaji, kwa kipimo, na mtunzaji husimama karibu. Mkono ni wa mgeni, lakini chakula ni cha mtunzaji.

Hifadhi ya Impala ni mahali pa namna nyingine. Ilitangazwa rasmi mwaka 1992, nayo ni ndogo, haifiki nusu ya kilomita moja ya mraba. Ilitengwa ili kulinda swala pala waliosalia karibu na mji. Humo wamo pia nzohe, yaani swala wa vinamasi, na usiku viboko hutoka ziwani kuja kula nyasi. Vizimbani wamewekwa wanyama wakali, kama vile chui, ambao baadhi yao waliokotwa wakiwa yatima au walikuwa wakisumbua watu. Hapa kanuni ni ile ya mbuga zote za taifa: mgeni asiwalishe wanyama.

Sababu ya kwanza imo tumboni. Swala pala na nzohe hucheua kama ng'ombe. Kila mchungaji anajua ya kuwa ng'ombe akiingia ghalani akala mahindi kupita kiasi, huvimba tumbo na pengine hufa. Ndani ya tumbo lake vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kuyavunja majani. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, huchacha, tumbo hujaa asidi, na vijidudu vile huangamia. Mkate na ugali ni wanga. Mtoto mmoja akitoa kipande kimoja, huenda pasiwe na dhara; lakini siku ya sikukuu wageni huwa wengi, na kila mmoja hudhani kwamba ni yeye peke yake aliyetoa.

Sababu ya pili ni tumbili na nyani, ambao wengine hawamo kizimbani. Mazoea yana taabu. Leo tumbili hutupiwa ndizi, kesho huisubiri, na kesho kutwa hangoji tena kupewa. Humrukia mtoto na kuunyakua mfuko wake. Mtoto akiuma meno asiuachie, huumwa. Jeraha la namna hiyo lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali bila kukawia, kwa maana kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa tu. Na tumbili aliyezoea kunyang'anya hatimaye huingia majumbani, na wenye nyumba hutaka auawe. Hivyo ukarimu wa mtu mmoja hulipwa kwa roho ya mnyama.

Je, matembezi ya Jumapili yawe bure? La, hasha. Watoto na wale washibe kabla ya kuondoka nyumbani. Chupa na mifuko ya plastiki iachwe, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Swala akimeza mfuko, hukaa tumboni mwake usioze. Mwalimu awape watoto kazi ya kutazama: swala pala acheuaye hutafuna vipi? Kwato za nzohe zimekuwaje ndefu hata asizame matopeni? Mtunzaji akiwapo aulizwe kila mnyama hula nini, na kiasi gani kwa siku.

Mtoto atakayerudi Migosi na majibu hayo atakuwa amejifunza kumpenda mnyama kwa manufaa ya mnyama mwenyewe. Na ile ndizi, aile yeye njiani.