Radi na Vyombo Vyetu vya Tanga

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano wa Wanachama, Bagamoyo)



Nimepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi. Walionitangulia wamekwisha kuzieleza hesabu zetu, nami sitazirudia. Nimechagua jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu ingawa limetugharimu sana: nalo ni radi.

Huenda mkulima akauliza, “Radi ya baharini yanihusu nini?” Ndugu yangu, nazi yako haiendi Unguja kwa miguu. Hupakiwa mashuani, na mlingoti wa mashua ndicho kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji yaliyo tambarare. Radi hushukia palipoinuka: shambani huupiga mnazi, baharini huupiga mlingoti.

Masika moja nilikuwako pwani mashua ilipopigwa mbele ya macho yetu, ikikaribia kutia nanga. Mlingoti ulipasuka toka juu hata chini. Baharia mmoja kijana alianguka karibu na tezi. Watu walimfikia upesi, lakini hakuna aliyethubutu kumgusa. Wengine walisema moto wa radi ungalimo mwilini mwake. Wengine walisema ametupiwa na mahasidi. Akalala pale alipoanguka mpaka mvua ilipokatika, nasi tukamzika alasiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama wakitazama. Siwezi kuapa kwamba angalipona, ila naweza kuapa kwamba hatukujaribu.

Mwenye mashua akapata pigo la pili. Ilinenwa kwamba chombo kina nuksi, asipate baharia wa kukiendesha. Kikakaa mchangani hata mbao zikaachana, na mkopo wake ukabaki bila kulipwa.

Ndugu Wanachama, radi ni umeme wa mawingu unaotafuta njia ya kufika chini. Hewa unamopita hupata joto la digrii zipatazo 30,000, ambalo ni kama mara tano ya joto la uso wa jua. Unyevu uliomo ndani ya mlingoti hugeuka mvuke mara moja, na mti hupasuka. Umeme ukifika chini ya mlingoti huruka kuelekea misumari ya mbao, ukitafuta maji, na huenda ukatoboa chombo mahali pasipoonekana.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alionyesha kwamba radi ni umeme. Baadaye Mwingereza William Snow Harris alitia mikanda ya shaba katika milingoti ya merikebu. Merikebu Beagle, iliyomchukua Charles Darwin katika safari ya mwaka 1831 hata 1836, ilikuwa na kinga hiyo. Ilipigwa na radi isipate madhara. Kinga haizuii radi kushuka, bali huipa njia njema ya kwenda majini.

Basi nashauri mambo matatu.

La kwanza ni la kabla ya safari. Kila mashua ichukuayo mali yetu ifungwe ncha ya shaba juu ya mlingoti, na waya wa shaba mnene kama kalamu ya risasi ushuke moja kwa moja, bila kona kali, hata kwenye bamba la shaba lililomo majini, lenye futi moja kila upande. Na nahodha asing’oe nanga bila kuuliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

La pili ni la wakati wa ngurumo. Mhesabu toka mmweko hata mlio: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Isipofika thelathini, hatari iko karibu. Walio pwani wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Walio baharini wakae chini, mbali na mlingoti na kamba zilizolowa, wala wasitie mikono majini.

La tatu ni la baada ya pigo. Wazee wangu, nasema kwa heshima: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguseni! Wengi wapigwao hupona. Aonekanaye kama maiti ndiye wa kushughulikiwa kwanza: moyo wake umesimama, naye ahitaji kusukumwa kifua na kupuliziwa pumzi papo hapo. Kisha chombo kitazamwe ngama, kama maji yanaingia. Dira isiaminiwe kabla ya kupimwa, maana radi huipotosha. Na fundi akague misumari na kalafati. Kikishatengenezwa, ni chombo kama vingine. Hakina nuksi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu utenge fedha za shaba kwa kila mashua yetu, na vijana wawili wa kila kijiji wafundishwe kupulizia pumzi. Gharama yake ni ndogo kuliko mlingoti mmoja. Miaka kumi tumejifunza kupima mazao kwa haki. Miaka ijayo tujifunze kutosimama tukitazama mwenzetu ameanguka.

Ushirika wetu udumu.