NCHI JIRANI: WAZEE WANAOKETISHWA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inaiagiza Serikali ichukue hatua ili wazee waishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Agizo hilo linawahusu pia wazee walio katika makao ya kutunzia wazee, kama Nyumba ya Wazee ya Nairobi inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Lakini asiyeweza kuinuka kitini atashiriki nini?

Katika makao ya namna hiyo, si ya Kenya peke yake bali popote duniani, kinachomzuia mzee kutembea mara nyingi si umri. Ni hofu. Mtunzaji anajua kwamba mzee akianguka na kuvunjika nyonga, yeye ndiye atakayeulizwa. Hakuna atakayeuliza kwa nini mzee ameketi tangu staftahi hadi magharibi. Watunzaji nao ni wachache, na kumvika mzee ni upesi kuliko kumngoja avae mwenyewe. Sakafu inateleza, ukutani hapana pa kushika, ndala zimelegea. Mzee mwenyewe, akiumwa magoti, hujiambia kuwa alikuja kupumzika. Hata jamaa wanaomtembelea humrudisha kitini, wakidhani hiyo ndiyo adabu.

Askari aliyewahi kulazwa hospitali anaijua miguu yake siku ya kwanza aliporudi kwenye gwaride. Kwa mzee hasara ni kubwa zaidi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kuwa wazee wenye afya waliolala kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Kumketisha mzee ili asianguke, basi, ni kumwongezea hatari ileile.

Hata hivyo nguvu hurudi. Mwaka 1990 Dk. Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walitoa taarifa ya wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika makao, wastani wa umri wao miaka 90, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu za waliomaliza mafunzo zilikuwa zimezidi mara mbili, na wawili waliacha mikongojo.

Mazoezi ya kuanzia hayahitaji uwanja wala mashine. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa kwa siku kunatosha. Yanahitaji mtunzaji mwenye nafasi ya kusimama kando ya mzee, na hilo ni suala la mishahara na idadi ya watumishi, ambalo Serikali ya Kenya na wenye makao hayo hawana budi kuliamua.