Mwalimu, Muulize Kwanza

Walimu wetu wa Tuwan, wa shule na wa madrasa, nitasema machache tu.

Mtoto amechelewa, hajafanya kazi ya nyumbani, anasinzia. Kabla hujamkemea, muite kando umuulize: jana mlikula? Nyumbani kuko vipi?

Baadhi yenu mlikuwa wanafunzi mwanzo wa 2008, uwanja wa maonyesho hapa Kitale umejaa wakimbizi. Mwalimu aliyewajulia hali wakati ule mnamkumbuka mpaka leo, sivyo?

Mtume s.a.w. alimkuta Abu Umayr, mtoto mdogo, ana huzuni, kindege chake kimekufa. Hakumwambia nyamaza, ndege tu huyo. Alimuuliza habari za kile kindege. Sunna hiyo haitaki bajeti.

Kiboko kimekatazwa, hilo mnalijua. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza pia kumtesa mwanafunzi kisaikolojia, ndugu zangu. Kumuaibisha mbele ya wenzake eti hana viatu, hiyo ni nini?

Na akikufungulia moyo, siri yake isigeuke porojo za ofisini. Jambo likikuzidi, piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Wabillahi tawfiq.